Mifupa aliyoiona babu Burma ilikuwa ya nani?

SWALI: Marehemu babu yangu mzaa baba aliandikishwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma mwaka 1944. Hakupenda kusimulia vita, lakini kuna jambo alilirudia mpaka anaingia kaburini: bonde la matope, nyumba zisizo na watu, magari yaliyooza porini, na mifupa ya watu ambao, kwa maneno yake, "hawakuwa askari, watoto walikuwamo". Nikisoma juu ya vita ile naona Wajapani na Waingereza tu. Hao watu walikuwa akina nani? Na nani aliwaua? (Msomaji, Songea)

JIBU: Ndugu yangu, pole kwanza kwa kuondokewa na mzee. Pili, nikutoe shaka: babu hakuchanganya mambo, wala uzee haukumpotosha. Alichokisimulia kinapatana na mahali, na kinapatana na miaka.

Bonde lile linaitwa Kabaw. Liko magharibi mwa Burma, nchi ambayo siku hizi ni Myanmar, likiambaa na mpaka wa India. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilianza kulishuka Agosti 1944, mvua zikiwa zimepamba moto. Ilitokea mji mdogo wa Tamu, ikasogea kusini hatua kwa hatua hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, ikautwaa mwanzoni mwa Desemba. Katika divisheni hiyo mlikuwa na batalioni za KAR za Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika, pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini. Za Tanganyika zilikuwa mbili, ya 26 na ya 36. Kama babu aliandikishwa kwenu, yumkini alikuwa katika mojawapo. Waingereza waliliita Bonde la Mauti, kwa sababu malaria na homa kali inayoletwa na utitiri wa majani zilimaliza watu kabla risasi haijawafikia.

Sasa mifupa. Ilikuwa ya watu wa namna mbili, na ni haki tuwatenganishe. Wengine walikuwa Wajapani wenyewe. Kati ya Machi na Julai 1944 jeshi la Japani lilijaribu kuingia India kupitia Imphal na Kohima, likashindwa vibaya, likarudi kwa njia hiyo hiyo bila chakula wala dawa. Majeshi ya Uingereza yalipoingia Tamu mapema Agosti yalikuta mamia ya maiti za askari wa Kijapani zimelala majumbani na njiani, hazina wa kuzizika. Hao babu hakuwa na haja ya kuuliza ni nani.

Lakini mifupa ya watoto, na magari yaliyomezwa na majani, ni ya mwaka 1942. Barabara ambayo babu aliishuka, miaka miwili kabla yake ilikuwa imepandwa na maelfu kwa maelfu ya raia waliokuwa wakikimbilia India. Wenye magari waliyaacha pale njia ilipowashinda, wengine kwenye kingo za Chindwin, wengine Tamu kwenyewe, wakaendelea kwa miguu. Wasiokuwa na magari, ambao ndio wengi, walikuwa kwa miguu tangu mwanzo. Wengi wa watu hao walikuwa Wahindi.

Huenda ukajiuliza Wahindi walikuwa wakifanya nini Burma. Waingereza waliiteka nchi ile kwa vita vitatu, cha mwisho kikiwa cha 1885, wakaitawala kama jimbo la India hadi 1937. Katika miaka hiyo vibarua walivuka Ghuba ya Bengal kwa meli, msimu baada ya msimu. Sensa ya 1931 iliwakuta Wahindi zaidi kidogo ya milioni moja katika nchi ya watu milioni 14.6, na katika jiji la Rangoon walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote. Walikuwamo makuli wa bandarini kutoka pwani ya Watelugu, Watamil waliovuna mpunga wa watu wengine, mabaharia wa Chittagong, wafagiaji, polisi, makarani. Na walikuwamo Wachettiar, wakopeshaji fedha. Bei ya mchele ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakulima wa Kiburma walishindwa kulipa madeni na mashamba yakaenda kwa mkopeshaji. Kufikia mwisho wa muongo ule Wachettiar walikuwa wakishika kama robo ya ardhi ya mpunga kusini mwa nchi. Chuki ikapanda. Ghasia dhidi ya Wahindi zilizuka Rangoon mwaka 1930, na dhidi ya Waislamu mwaka 1938. Mchettiar mmoja mwenye daftari la madeni alionekana na kila mtu. Makuli elfu wasiomiliki hata mkeka hawakuonekana, ila ghadhabu ilipokuja iliwafikia wao kwanza, kwa sababu hawakuwa na ukuta wa kujificha nyuma yake.

Japani iliitaka Burma kwa mafuta yake, kwa mchele wake, na ili ikate barabara iliyokuwa ikipeleka silaha China. Jumanne ya tarehe 23 Desemba 1941, asubuhi, ndege zake zilitokea juu ya Rangoon. Watu hawakuwa wamewahi kuona kitu kama kile. Walitoka nje wakasimama barabarani na kwenye baraza, shingo juu, wakitazama ndege zikipigana angani. Mabomu yakawakuta hapo hapo wamesimama. Mengi yalikuwa mabomu madogo yanayopasuka vipande vipande usawa wa mwili wa mtu, na mahandaki hayakutosha hata kidogo. Makadirio mengi yanataja watu wapatao 2,000 waliokufa siku ile. Siku ya Krismasi ndege zikarudi.

Nataka tukae hapa kidogo, maana mifupa ya Kabaw inaanzia hapa. Usiku ule na kesho yake vibarua wa Kihindi walianza kulihama jiji, mafurushi kichwani, watoto mgongoni, wakishika barabara ya kaskazini kuelekea Prome. Wafagiaji walipoondoka, maiti na taka vikabaki mitaani. Makuli walipoondoka, meli zilizoleta silaha zikabaki na shehena yake. Ndipo serikali ikaona kwamba haiwezi kupigana vita bila watu hawa. Ikawafuata njiani, ikawaahidi ulinzi na posho, na wengi wakageuka wakarudi. Ikawazuia wanaume wenye nguvu kupanda meli kwa tiketi ya sitahani, tiketi pekee ambayo kibarua angeweza kuilipia. Kwa hiyo katika wiki ambazo njia ya bahari ilikuwa bado wazi na salama, maskini walizuiwa wasiipite. Kufikia mwisho wa Februari serikali yenyewe ilikuwa inafungasha. Wafungwa walifunguliwa, wagonjwa wa akili walifunguliwa, na makuli waliambiwa waende. Wajapani waliingia Rangoon tarehe 8 Machi 1942.

Waliopata meli walikuwa kama 70,000. Wengine wote walibaki na milima. Kundi kubwa lilivuka mto Irrawaddy likapita njia ya Taungup kwenda pwani ya Arakan, kipindupindu kikilifuata kutoka kambi hadi kambi. Kundi jingine lilipanda hadi Mandalay. Tarehe 3 Aprili, Ijumaa Kuu, Wajapani waliupiga Mandalay kwa mabomu, na kwa kuwa mji ulikuwa wa nyumba za mbao, sehemu kubwa yake ilikwisha kwa moto siku hiyo hiyo. Kutoka hapo watu walielekea Kalewa, wakalipanda bonde la Kabaw hadi Tamu, wakavuka milima kuingia Manipur, upande wa India. Hii ndiyo njia ya babu, ila kwa upande wa pili. Walioshindwa kuiwahi hiyo walijaribu kaskazini kabisa, Myitkyina, ambako kulikuwa na uwanja wa ndege. Tarehe 6 Mei ndege za Kijapani ziliupiga uwanja huo wakati raia wakipandishwa ndegeni. Walionusurika wakaingia bonde la Hukawng kwa miguu.

Na hapo mvua zikashuka. Upepo unaoleta mvua zile ni ule ule ambao watu wa pwani yetu wanauita kusi; ukishavuka bahari unakwenda kumwaga maji kwenye milima ya Assam na Burma kiasi ambacho njia ya mguu inageuka kuwa mto wa udongo. Hukawng watu walizama hadi mapajani. Waliopita huko baada ya mvua walikuta vibanda ambamo familia nzima zilikuwa zimekaa kungoja mvua ikatike, zikafa pamoja. Kuna mama na mtoto waliokutwa wamekumbatiana. Kuna Wakristo waliokuwa wamechomeka misalaba midogo ya miti ardhini, kila mmoja akijiwekea alama yake kabla hajafa, kwa kuwa alijua hakuna atakayebaki kumwekea.

Kwa jumla walioihama Burma mwaka ule wanakadiriwa kufika nusu milioni. Waliofia njiani wanakadiriwa kuanzia 10,000 hadi zaidi ya 50,000. Pengo ni kubwa namna hiyo kwa sababu kibarua hakuwa na orodha yoyote yenye jina lake: hakuandikwa alipoondoka, hakuandikwa alipoanguka.

Umeuliza nani aliwaua. Mkono wa kwanza ni wa Japani, na sipendi tuupunguze uzito. Kupiga mabomu mji uliojaa vibarua, na kuupiga tena siku mbili baadaye, ni uamuzi uliofanywa na watu wenye ramani mezani. Lakini mabomu yaliua maelfu, njia ikaua makumi ya maelfu, na njia ile ilikuwa na wenyewe. Katika vituo vya kuvukia kulikuwa na vibali, na vibali havikutolewa kwa usawa. Wazungu na machotara walipata usafiri, kambi zenye chakula, na njia fupi zaidi. Wanasiasa wa India walipiga kelele juu ya jambo hilo mwaka ule ule, wakazungumza waziwazi kuhusu njia ya weupe na njia ya weusi. Serikali ilikanusha. Mimi nawaamini waliolalamika, kwa sababu ukitazama nani alifika na nani hakufika huhitaji hoja nyingine. Niongeze haki kwa waliostahili: wakulima wa chai wa Assam na vibarua wao waliingia kwenye matope yale kwa hiari wakajenga kambi, wakapika wali, wakabeba wasiojiweza. Bila wao idadi ingekuwa ya kutisha zaidi.

Hata hivyo swali lako lina upande ambao barabara haiwezi kuujibu. Babu alisema nyumba zilikuwa tupu. Kabaw penyewe wenyeji walikuwa wachache na walijificha msituni kila jeshi lilipopita, kwa kuwa kila jeshi lilitaka mchele na wapagazi. Lakini mahali pengi Burma vijiji vilifanywa tupu na majirani wenyewe. Shambulio la Japani liliivunja serikali kabla halijaweka nyingine, na katika zile wiki za katikati, penye bunduki nyingi na hakimu hakuna, watu waliokuwa wachache mahali fulani walilipa deni la kila mtu.

Chukua Wakaren. Hawa ni watu wa milimani na wa delta ya Irrawaddy, sehemu yao Wakristo tangu siku za wamisionari Wabaptisti wa Marekani. Waingereza waliwapenda jeshini na hawakuwataka Waburma: mwaka 1939 jeshi la nchi lilikuwa na Wakaren 1,448 na Waburma 472 tu, ingawa Waburma ndio wengi nchini. Sasa fikiria kijana wa Kiburma anayeingia na Wajapani. Jeshi la Uhuru wa Burma liliundwa Bangkok Desemba 1941 chini ya kanali wa Kijapani, Suzuki Keiji, na vijana wazalendo akiwamo Aung San. Waliamini wanaikomboa nchi yao, na kutaka uhuru halikuwa kosa. Lakini jeshi hilo lilivimba ndani ya wiki chache kwa kila aliyetaka bunduki, wazalendo na wahuni pamoja, na wilayani likajitwalia utawala. Lilipofika delta, liliwakuta askari wa Kikaren walioambiwa na Waingereza warudi makwao, baadhi yao na silaha zao. Likazidai.

Wilaya ya Myaungmya ndiko mambo yalikoharibika kabisa, kati ya Machi na Mei 1942. Vijiji vya Wakaren vilichomwa, Wakaren nao wakachoma vya Waburma. Ofisa wa Kijapani alipouawa, Suzuki aliamuru vijiji viwili vikubwa vya Wakaren viangamizwe, na viliangamizwa, wanawake na watoto hawakubakizwa. Mjini Myaungmya wapiganaji waliingia kwenye boma la misheni ya Kikatoliki walikokimbilia watu, wakaua zaidi ya 150. Saw Pe Tha, Mkaren aliyewahi kuwa waziri serikalini, aliuawa pamoja na familia yake. Taarifa za Wakaren wenyewe zilitaja zaidi ya 1,800 waliouawa katika wilaya ile peke yake. Aung San hakuwapo, na baadaye alikwenda kwa Wakaren kutafuta suluhu, hata batalioni ya Kikaren ikaundwa ndani ya jeshi lake. Hilo lina thamani yake. Lakini mtu aliyeona misheni ile haikumtoka.

Milimani walibaki Wakaren wengine na ofisa mmoja wa Kiingereza, Meja Hugh Seagrim, mrefu kupita kiasi. Walimpa jina: Babu Miguu Mirefu. Alivaa nguo zao, alikula chakula chao, alikaa nao kwenye vilima vya Papun tangu 1942. Mwanzoni mwa 1944 Kempeitai, polisi wa kijeshi wa Japani, walipata habari zake. Hawakumtafuta yeye porini. Waliingia vijijini wakakamata watu wapatao 270, wakawatesa hadi wengine wakafa, wakaeneza habari kwamba yataendelea hadi atokee. Machi 1944 akatoka, akajisalimisha. Aliomba aadhibiwe yeye peke yake kwa kuwa wengine walifuata amri yake. Hawakumsikiliza. Septemba 1944 aliuawa Rangoon pamoja na Wakaren saba. Siku hizo babu yako alikuwa ndani ya matope ya Kabaw, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba upande wa pili wa nchi wanavijiji wanalipa kwa sababu ya vita ile ile.

Pwani ya Arakan ilikuwa vivyo hivyo, ila huko jeraha halijafunga hadi leo. Machi 1942 Wajapani waliupiga mji wa Akyab kwa mabomu, utawala ukavunjika, na mwishoni mwa mwezi huo huo mauaji yakaanza upande wa Minbya. Warakhine, ambao ni Wabudha, waliwavamia Waislamu katika wilaya za kusini, wakawaua na kuwasukuma kaskazini. Kaskazini, Maungdaw na Buthidaung, Waislamu ndio waliokuwa wengi, nao wakawafanyia Warakhine yale yale. Kila upande una hesabu yake ya marehemu, na hesabu hizo zimekuwa silaha, kwa hiyo sitakutajia hata moja. Kinachojulikana wazi ni sura ya nchi ilivyobaki: watu waliokuwa wamechanganyika kwa vizazi wakawa pande mbili, Waislamu kaskazini, Wabudha kusini. Kisha majeshi yakaja yakauimarisha mpaka huo kwa faida yao. Waingereza waliwapa Waislamu bunduki na kuwafanya wapelelezi. Wajapani wakawapa silaha Warakhine. Miaka mitatu mstari wa mbele ulipita juu ya vijiji hivyo kwenda na kurudi. Brigedi nyingine ya Afrika Mashariki, ya 22, ilipigana Arakan mwanzoni mwa 1945, kwa hiyo kama babu aliwahi kutaja bahari na mikoko, ulizia hapo pia.

Waislamu wale dunia sasa inawajua kwa jina la Rohingya. Zaidi ya 700,000 kati yao walifukuzwa mwaka 2017 wakaingia Bangladesh, wengi kutoka Maungdaw na Buthidaung hizo hizo. Sisemi kwamba 2017 ilitokana na Wajapani. Wanajeshi wa Myanmar walikuwa na miaka 75 ya kufanya uamuzi mwingine, na sheria ya uraia ya 1982 iliyowafanya wageni kwao iliandikwa Rangoon, si Tokyo. Lakini ukimsikiliza mzee wa pande zote mbili, anaanza hadithi mwaka 1942.

Kuna kijiji kimoja lazima nikutajie, kwa sababu hapo hakuna jirani wa kulaumiwa. Kinaitwa Kalagon, mashariki mwa Moulmein, kijiji cha Waislamu wenye asili ya Kihindi. Ilikuwa tarehe 7 Julai 1945. Rangoon ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wajapani tangu Mei, na vita vilikuwa vimebakiza wiki chache. Batalioni ya jeshi la Japani pamoja na Kempeitai waliingia wakiwashuku wanakijiji kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Wanaume wakafungiwa msikitini, wanawake na watoto katika majengo mengine. Wakahojiwa, wakapigwa. Kisha walianza kutolewa kwa vikundi vidogo, wakiwa wamefungwa mikono na macho, wakapelekwa kwenye visima vya kijiji, wakachomwa singe na kusukumwa ndani. Zaidi ya watu 600 waliishia kwenye visima walivyokuwa wakiteka maji asubuhi yake. Baadhi ya waliohusika walihukumiwa Rangoon mwaka 1946.

Na reli ya kutoka Siam, Thailand ya leo, hadi Burma, kilomita 415, iliyojengwa kwa mwaka mmoja kati ya 1942 na 1943, unaweza kuwa umesikia kuhusu mateka Wazungu walioijenga. Walikufa zaidi ya 12,000, na wana makaburi yenye nyasi zilizokatwa vizuri. Vibarua wa Kiasia kwenye reli hiyo hiyo, Waburma, Wamalay, Wajava, na Watamil wengi waliochukuliwa kutoka mashamba ya mpira ya Malaya, wanakadiriwa kufa 90,000. Japani ilikuwa imewaambia kwamba Asia sasa ni ya Waasia.

Nirudi kwa babu. Kama kilomita 35 kutoka Rangoon, mahali panapoitwa Taukkyan, kuna makaburi ya vita na nguzo zenye karibu majina 27,000 ya askari wasiojulikana walipozikwa. Majina ya KAR yamo. Ukienda na jina la askari wa Songea aliyepotelea Kabaw, kuna mahali pa kulitafuta. Kwa wale aliowakuta babu njiani hakuna nguzo. Kilichobaki ni taarifa za kambi, barua za wakulima wa chai, na kumbukumbu za waliopita baadaye. Askari wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupita njia ile kwa wingi wakielekea kusini, na karibu hakuna aliyewauliza waliona nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi, kama kipo kwenye kisanduku cha bibi au kwa ami zako. Kitakuwa na namba yake na batalioni. Angalia kama ipo nishani ya shaba yenye ncha sita, hiyo ndiyo nyota ya Burma. Kisha kaa na wazee waliomsikiliza, muandike maneno yake kama alivyoyatamka, hata yakiwa vipande: jina la mto, rangi ya gari, nyumba ya ghorofa au ya mianzi, mifupa ilikuwa ndani au nje. Msiyanyooshe. Na kama aliwahi kusema yeye na wenzake waliwafanyia nini wale watoto, waliwafukia au walipita, liandikeni hilo kwanza.